Kupata L-threonini safi kutoka DL kwa kutumia mbegu za fuwele

Threonini ina sifa ambayo asidi amino chache zinayo: mmumunyo wa DL (mchanganyiko nusu kwa nusu wa L na D, maumbo mawili ya molekuli yanayofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo) unapotoa fuwele, kila fuwele hujengwa na umbo moja tu, L au D. Ndiyo maana huhitaji kitendanishi ghali. Mbegu, yaani fuwele ndogo za umbo moja unazotia, ndiyo inayoamua umbo lipi litangulie. Asparagini iko hivyo pia. Alanini na fenilalanini sivyo: fuwele zao za DL hubeba maumbo yote mawili, kwa hiyo usizijaribu kwa njia hii kabla ya kuzigeuza kuwa chumvi inayofaa. Hakikisha pia DL-threonini yako haina allo-threonini, ndugu yake mwenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti.

Pima DL-threonini gramu 120 na L-threonini gramu 10, utie katika ml 500 za maji yaliyokenekwa. Pasha hadi 65 °C, chuja ikiwa bado moto, kisha irudishe kwenye joto hilohilo kwa nusu saa nyingine ikiwa imefunikwa. Usiikatishe nusu saa hiyo. Punje moja ya D iliyoganda ukutani mwa chupa, juu ya usawa wa maji, itaharibu kazi yote.

Poza polepole hadi 30 °C. Mmumunyo ukiwa bado mwangavu, tia gramu 1 ya L iliyosagwa laini. Ukiitia mapema, kwa mfano kwenye 45 °C, mbegu zitayeyuka. Koroga taratibu, kukoroga kwa nguvu kunaamsha fuwele za D.

Sasa shughuli iko kwenye polarimeta, kifaa kinachopima jinsi mmumunyo unavyozungusha nuru iliyopolaraizishwa: hapa L husoma hasi, D chanya. Kila baada ya dakika chache vuta mmumunyo kidogo kupitia kichujio cha sindano, usome kwenye tyubu ya dm 1 iliyopashwa hadi 40 °C, kisha urudishe chupani. Usomaji huanza karibu −0.5°, hupita sifuri, halafu hupanda upande wa chanya, maana L inatoka na D inabaki. Ukifika +0.3° hivi, chuja mara moja kwa pampu. Ukiona umesimama au umeanza kushuka kabla ya hapo, D imeanza kuganda: chuja papo hapo, mavuno yakiwa pungufu si neno.

Suuza fuwele kwa maji ya barafu kidogo sana, kisha kwa ethanoli. Mmumunyo ulionata kwenye fuwele umejaa D, na ukikausha bila kusuuza, D hiyo inabaki nawe. Kausha kwa 60 °C. Tarajia gramu 18 hivi, mbegu zikiwemo.

Kwenye mmumunyo uliobaki ongeza DL gramu 17, pasha tena, poza, na safari hii tia mbegu za D. Endelea kwa zamu, ukifidia maji yaliyopotea kwa mvuke.

Kupima usafi, mumunyisha gramu 1.5 kavu hadi ml 25. L safi husoma karibu −1.70°. Ukipata −1.53°, ziada ya L ni asilimia 90, yaani L ni 95 na D ni 5, wala si 10 kama wengi wanavyokosea. Kuiondoa D hiyo, koroga fuwele zilizosagwa katika ml 20 za maji kwa 25 °C kwa saa kadhaa, kisha chuja. D itayeyuka, nawe utapoteza L kama gramu 2.