Jicho linacheza? Angalia haya kabla hujaanza kupaniki

Kwanza tuelewane, mara nyingi kinachocheza sio jicho lenyewe, ni kope. Kuna msuli mwembamba umezunguka jicho lote, huo ndio unaofumba kope, na unapokea amri kutoka kwenye neva ya uso. Sasa neva ikianza kurusha amri ovyo, kipande kidogo cha huo msuli kinatetemeka chenyewe, sekunde kadhaa au dakika, kinaacha, alafu baada ya muda kinarudi tena. Mara nyingi ni kope la chini na ni upande mmoja tu. Wewe unahisi kila mtu anakuona, lakini nenda kwenye kioo uangalie, utakuta hata hakionekani vizuri. Madaktari wanaita miokimia, na haiharibu jicho wala haimaanishi unaelekea kuwa kipofu.

Sasa chanzo. Ukimuuliza daktari wa macho atakutajia uchovu, stresi na kafeini, na ukweli ni kwamba hivi vitatu vinatembea pamoja. Unakuta mtu ana mitihani au kazi zimebana, analala masaa manne, asubuhi anaamka na kahawa, mchana kahawa, jioni anapiga eneji drinki ili asisinzie, usiku usingizi hauji, kesho yake anaanza upya, alafu anashangaa kope linacheza. Kwa hiyo usianze kutafuta ugonjwa mkubwa, anza na hapo. Kafeini inachukua kama masaa matano hivi kupungua nusu mwilini, ukinywa kikombe saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado iko kwenye damu. Kwa mtu mzima mwenye afya kiwango kinachotajwa kuwa salama ni kama miligramu 400 kwa siku, ila wengine kope linaanza kucheza hata kwa kiasi kidogo, miili haifanani. Na hesabu vyote, sio kahawa tu, chai ya majani ina kafeini, soda za kola zinayo, na hata baadhi ya vidonge vya maumivu wameichanganya humo, soma boksi. Ukitaka kupunguza punguza taratibu, manake ukikata ghafla kichwa kitakuuma siku mbili tatu alafu utarudi kulekule. Pombe na sigara nazo zinachangia.

Kitu cha pili ni macho makavu, na hapa ndo simu na kompyuta zinapoingia. Ukikodolea skrini unapepesa mara chache sana kuliko kawaida, machozi yanakauka juu ya jicho, jicho linawasha, kope linaanza fujo. Dawa yake haina gharama, kila baada ya dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi, fumba kabisa usifanye nusunusu. Kama bado makavu kuna matone ya machozi bandia yanauzwa famasi bila cheti, ila ukijikuta unayatumia zaidi ya mara nne kwa siku tafuta yale yasiyo na kemikali ya kuyahifadhi. Hapa watu wanachanganya sana, yale matone ya kuondoa wekundu sio machozi bandia, usiyatumie kila siku. Na yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndo kabisa usiyaguse bila daktari, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, yaani unatibu kope kucheza unajipatia tatizo la kweli. Anayevaa lenzi azipumzishe kwanza. Na kama una muda mrefu hujapima macho kapime, inawezekana unakaza macho siku nzima kwa sababu miwani yako haikufai tena au unaihitaji na huna.

Ukiamka na magamba magamba kwenye kope, pembeni pamekuwa pekundu na panawasha, huo ni uvimbe wa kingo za kope. Loweka kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 mpaka 10, alafu safisha kingo taratibu. Aleji nayo hivohivo, ila yenyewe inataka uache kufikicha, najua ni ngumu.

Dawa za hospitali pia zinaweza kusababisha, mfano topirameti wanayopewa watu wa kifafa na kipandauso, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Kama ilianza baada ya kuanzishiwa dawa mpya mwambie aliyekuandikia, ila usiache mwenyewe, kuacha dawa ya kifafa ghafla ni hatari kuliko kope kucheza miaka kumi.

Magnesiamu? Kila mtu anaishauri, ila ushahidi wake kwa hili tatizo ni mdogo, na mwenye shida ya figo asijaribu kabla ya kuongea na daktari. Mimi ningeanza na usingizi.

Haya, lini uwe na wasiwasi? Watu wengi wanahesabu siku tu, na ni kweli ikipita wiki mbili tatu na bado inacheza kila siku nenda ukaonwe. Lakini kuliko siku, angalia inachezaje. Kope likitetemeka tu jicho likabaki wazi, tulia. Macho yote mawili yakiwa yanajifumba yenyewe kwa nguvu, mwanga unakukera, unashindwa kusoma au kuendesha gari, hiyo ni blefarospazimu, inawapata zaidi wanawake na watu wa miaka 50 kwenda juu, na huanza kidogo kidogo kwa kupepesa sana. Ikiwa ni upande mmoja, imeanza kwenye jicho ikashuka shavuni mpaka kona ya mdomo inavutwa, na haikuachi hata ukiwa umelala, mara nyingi kuna mshipa wa damu unaokandamiza neva ya uso karibu na shina la ubongo, hapo utapigwa MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya kichwa. Zote mbili zinatibika kwa sindano za botoksi, dawa inayolegeza msuli, ambazo zinarudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na hiyo ya upande mmoja kuna operesheni ya kuutenganisha mshipa na neva.

Usisubiri pia kama jicho ni jekundu, limevimba, linatoa usaha au linauma, kama kope limelegea halipandi, au unaona vitu viwili viwili. Na uso ukipinda ghafla upande mmoja, mkono ukakosa nguvu au maneno hayatoki vizuri, hapo ni emajensi saa hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi. Kope kucheza peke yake sio kiharusi.

Watoto ni habari nyingine kidogo, mtoto anayekaza macho yote mawili mara kwa mara anaweza kuwa na tiki, yaani misuli kucheza kwa kurudiarudia bila yeye kukusudia, nyingi zinapita zenyewe na kumgombeza kunazidisha, ila mpeleke apimwe macho kwanza.

Ukienda hospitali ukifika mbele ya daktari kope litatulia kabisa, ndo kawaida yake, kwa hiyo likianza jirekodi video kwa simu, uso mzima sio jicho peke yake ili aone kama shavu na mdomo navyo vinacheza, na ubebe majina ya dawa zote unazotumia.