Kuhamisha sauti ya santuri za mizunguko 78 kwenda kwenye kompyuta

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, nyimbo zake zilirudi Zanzibar katika santuri za shelaki: nzito, rahisi kuvunjika, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, kila upande na dakika tatu hivi za muziki. Santuri za aina hiyo zilizosalia makabatini bado zina sauti nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Ila ubora huamuliwa na usafi na sindano, kabla kompyuta haijawashwa.

Anza na kuosha. Usiguse spiriti. Shelaki ni utomvu wa mdudu, na alkoholi huuyeyusha: uso hupauka na mifereji ya sauti huharibika moja kwa moja. Dawa nyingi za kusafishia santuri za plastiki zina alkoholi ndani yake, kwa hiyo soma chupa kwanza. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari kwa ajili ya betri (hakikisha hujapewa asidi). Kwa lita moja, matone mawili au matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo yanatosha. Pitisha brashi laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji, suuza kwa maji safi ya aina hiyohiyo, kisha simamisha santuri ikauke kivulini. Juani itapinda. Lebo isilowe, na santuri yenye ufa usiioshe kabisa. Baadhi, kama za kampuni ya Columbia, zina karatasi katikati, nayo ikinywa maji huvimba na kuachanisha tabaka.

Usizipige kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kichwa chake hukandamiza kwa uzito unaozidi gramu 100, na sindano ya chuma hukwangua kila inapopita. Unahitaji meza ya kisasa ya kupigia santuri, yenye mkono mwepesi na sindano ya santuri za 78, ambayo ncha yake ni mikroni 76 hivi. Sindano ya kawaida ya LP (santuri ndefu za plastiki zilizokuja baadaye) ni mikroni 18 hadi 25: huzama hadi chini ya mfereji, ikaburuta juu ya uchafu badala ya kuegemea kuta zilizobeba sauti. Ndiyo sababu wengi hukata tamaa mapema, wakidhani santuri imekufa. Weka uzito wa gramu 3 hadi 5. Santuri iliyochakaa sana ijaribu kwa ncha ya mikroni 65 au 70, maana itagusa sehemu ya ukuta ambayo sindano za zamani hazikuifikia.

Kama meza haina kasi ya 78, rekodi kwa 45 kisha ongeza kasi ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, ambayo ina chaguo la kubadili mizunguko kutoka 45 hadi 78. Kama kasi ya 78 ipo, ipime kwa diski ya stroboskopu, duara lenye mistari linalowekwa juu ya meza inayozunguka na kutazamwa chini ya taa. Kwa umeme wetu wa Hz 50 tumia yenye mistari 77. Mistari ikionekana imesimama, kasi ni 77.92. Taa iwe ya kupepesa kweli, kwani za LED nyingi hazifai. Kosa la asilimia 6 hupandisha au kushusha wimbo kwa karibu nusu toni, na sauti ya mwimbaji hubadilika umbo.

Rekodi kwa stirio hata kama muziki wenyewe ni wa mono. Mara nyingi ukuta mmoja wa mfereji umechakaa kuliko mwingine, nawe utachagua ulio bora. Zikiwa sawa, zichanganye, na kelele za sindano kupanda na kushuka zitafutana. Tumia 96 kHz na biti 24, kilele kisizidi desibeli −6. Dakika tatu na nusu huchukua takribani megabaiti 120.

Kikuza sauti cha LP hufuata kipimo cha RIAA cha mwaka 1954 (kanuni ya kurekebisha besi na sauti za juu), ambacho santuri hizi hazikukijua. Ukikiacha hivyo, besi huvimba na sauti za juu hufifia. Rekebisha kwa ikwalaiza, yaani kifaa cha kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu: kwa HMV za enzi hiyo, besi ianze kuongezwa chini ya Hz 250 hivi, na sauti za juu zirudishiwe zilichopunguziwa.

Milio ya mikwaruzo iondoe kidogo kidogo. Kichujio kikali hula konsonanti za mwimbaji na mivumo ya udi. Nakala ghafi ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ihifadhi bila kuigusa, pamoja na picha za lebo pande zote mbili na namba iliyochongwa karibu na lebo, ambayo ndiyo hutambulisha rekodi yenyewe pale jina lilipofutika.