Kushusha ukulele toni moja: kutoka C hadi B flati

Ukulele yangu ya tena (tenor, saizi kubwa kuliko soprano) imekaa B flati muda mrefu sasa. Nikiimba kwenye C, kiitikio hunipandisha mpaka shingo inakaza. Toni moja chini, sauti inatoka kifuani bila kulazimishwa. Na kisanduku chenyewe kinaitikia kwa joto zaidi, hasa kwenye uzi wa tatu.

Usidhani G-C-E-A, mpangilio wa kawaida wa nyuzi kuanzia ya 4 hadi ya 1, ni amri. Katika shule za Kanada ukulele imefundishwa miaka mingi kwa A-D-F shapu-B, toni nzima juu yake. Sisi tunaelekea upande wa pili tu.

1. Angalia ukubwa wa chombo. Kushuka toni nzima kunapunguza mvutano wa nyuzi kwa karibu asilimia 20. Ukulele ya tena, yenye uzi wa urefu wa kama sm 43, inastahimili vizuri. Soprano ina sm 34 hivi, na nyuzi zake zitalegea mno. Mwenye soprano aishie nusu toni: F shapu, B, D shapu, G shapu.

2. Shusha. Programu ya kutyuni kwenye simu iweke kromatiki, yaani isome noti zote. Ukiiacha kwenye ukulele, itakurudisha G-C-E-A kila mara. Unatafuta hivi:

- Uzi wa 4: G iwe F
- Uzi wa 3: C iwe B flati (programu nyingine huandika A shapu, ni ileile)
- Uzi wa 2: E iwe D
- Uzi wa 1: A iwe G

Hapa ndipo wengi hukosea: wanalegeza, sindano ikigusa G wanaacha. Uzi uliosimama wakati unashuka huteleza katikati ya wimbo. Chukua uzi wa 1. Legeza mpaka upite chini ya G kidogo, uvute taratibu kwa kidole katikati ya shingo, halafu kaza ukipanda hadi G. Ukiipita, shuka tena chini yake, uanze kupanda upya.

Maliza zote nne, kisha rudi ya kwanza. Nyuzi zilizolegezwa hujivuta zenyewe: baada ya nusu saa utazikuta zimepanda. Zishushe tena, na kesho yake pia.

3. Sikiliza kama nyuzi zinagonga freti (vijiti vya chuma shingoni). Bonyeza freti ya 2 na ya 3, piga kwa nguvu yako ya kawaida. Ukisikia mkwaruzo, kwanza lainisha mkono wa kupiga. Usipoisha, tafuta nyuzi nene zaidi. Lakini usijaribu kufika D-G-B-E ya baritoni, ukulele kubwa zaidi, kwa nyuzi hizihizi. Utapoteza zaidi ya asilimia 40 ya mvutano. Inahitaji nyuzi zake.

4. Vidole vilevile, majina mapya. Waliopitia kwaya wataelewa haraka: nyuzi bado ni so-do-mi-la, ila do imehamia B flati. Kodi uliyoizoea kama C sasa inalia B flati, F inalia E flati, G inalia F, na A maina inalia G maina.

Ukipiga na mwenye gitaa aliye kwenye C, wewe shika maumbo ya D, G na A. Au funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 2, urudi ulikotoka. Mpiga kinanda mwambie mapema tu: "Do ni B flati."