Pamba kidogo kwenye ugali wa chambo

Wazee wa ndoano mnaoshuka bwawa la Nyumba ya Mungu kutoka Moshi kufuata perege: kama ugali unadondoka kabla haujafika chini, ukande upya na pamba. Chukua tonge la ugali wa jana, ule mgumu. Chambua pamba kidogo ya dukani mpaka usione bonge hata moja, changanya, kanda hadi tonge likivutwa linavutika badala ya kumeguka. Finyanga kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, ncha ya ndoano ichungulie. (Pamba nunua yako. Nyumbani kwangu ya huduma ya kwanza siku hizi inafichwa, na kiporo nacho kinahesabiwa.)

Perege ana mdomo mdogo na kazi yake ni kudonoa. Ugali mtupu anaumega vipande, anaondoka ameshiba, wewe umekodolea boya. Nyuzi za pamba zinaushikilia, kwa hiyo inabidi aumumunye wote, na ndoano humo humo.

Pamba ikizidi, ncha inajificha ndani ya tonge na ukivuta hainasi. Na jike anayeatamia hutunza mayai mdomoni, kwa hiyo kula ni kama hali kabisa, hata umpelekee pilau. Wakiwa wengi wa namna hiyo, hama sehemu. Kambale usimsumbue na haya, mpe utumbo wa kuku.