Kufungula Atari ST ku laptop yako bila ROM ya wizi

Wandugu wa Goma, Atari ST ni kompyuta ya 1985 na mfumo wake, TOS, ulikuwa ndani ya ROM (chipu yenye programu ya kudumu) yenye haki miliki, njo maana watu wanaibaiba tu faili yenye kopi ya ile ROM. Haina haja. Kuko EmuTOS, mfumo wenye unachukua nafasi ya TOS, ni ya bure, leseni GPL (kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuigawa), imejengwa juu ya kodi ya zamani ya kampuni Digital Research yenye kampuni Caldera ilifungulia watu wote.

Ku Debian ao Ubuntu (mifumo ya Linux) fungula terminal, andika sudo apt install hatari. Hatari njo programu yenye inajifanya Atari. Kisha pakua zipu ya EmuTOS ya 192k, ni ndogo sana, hata na forfait ya mwisho wa mwezi inaingia. Ndani utakuta faili mingi, kila moja ya inchi yake, na hapa njo nilipoteza saa nzima: nilichukua etos192us.img, nikafinya A ikaleta Q, nikafikiri klavie imeharibika, kumbe laptop yangu ya Birere ni AZERTY (klavie ya Kifaransa) kama zetu zote. Chukua etos192fr.img.

Sasa tengeneza foda atari, weka michezo yako ndani, andika:

hatari --tos etos192fr.img -d atari

Foda inatokea kama diski C. Majina ya faili yasipite herufi 8, nukta, na 3. F12 inafungula menyu ya Hatari. Michezo ingine inagoma na EmuTOS, usilazimishe, jaribu ingine mbele kuraa (umeme) ikatike.