Kutumia 1001 kupima kugawanyika kwa 7, 11 na 13

Vigawo tasa vya 1001 ni 7, 11 na 13, kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1001. Hapo ndipo uzuri wake ulipo: hesabu moja fupi inapima vigawo vyote vitatu kwa mpigo.

Chukua 48,256,390. Ikate katika makundi ya tarakimu tatu tatu, ukianzia kulia: 390, 256, 48. Sasa toa na kujumlisha kwa kupokezana: 390 − 256 + 48 = 182. Kisha pima 182 peke yake. 182 ÷ 7 = 26, 182 ÷ 13 = 14, lakini ukiigawanya kwa 11 inabaki 6. Basi namba nzima inagawanyika kwa 7 na 13, na kwa 11 inabakiza 6 vilevile.

Sababu ni kwamba 1000 ni 1001 − 1, hivyo kila elfu huhesabika kama −1. Milioni, yaani 999 × 1001 + 1, huhesabika kama 1.

Kosa linaloharibu kazi mara nyingi ni kukata kuanzia kushoto. 20,475 ikikatwa 204 na 75 inatoa −129, na utadhani haigawanyiki kwa 7. Ukikata vizuri: 475 − 20 = 455, sawa na 7 × 65.

Jibu likiwa hasi, ongeza 1001 kabla ya kutafuta baki. Likiwa 0, vyote vitatu vinagawanya.