Umepata kitabu kipya cha historia ya nchi? Anza kukisoma kutoka nyuma

Watu wengi wakishika kitabu kipya cha historia ya nchi, siasa yake na maisha ya watu wake, wanaanza ukurasa wa kwanza, wanafika sura ya tatu wamechoka wanakiweka, au wanakimaliza chote na wanaamini kila neno kwa sababu tu kimechapwa. Mimi nakwambia fungua nyuma kwanza, kwenye tanbihi na orodha ya marejeo, ukae hapo hata nusu saa kabla hujasoma hata sentensi moja ya mbele.

Unatafuta nini huko? Unatafuta kitabu hiki ni kipya kwa lipi. Mambo yenyewe yalishatokea zamani, kwahiyo upya lazima utoke mahali, ama nyaraka zilizokuwa zimefungwa zimefunguliwa, ama kuna watu waliohojiwa ambao hakuna aliyewahi kuwauliza, ama mwandishi kaja na swali jingine kwa ushahidi uleule. Ukiona marejeo yote ni vitabu vya wenzake tu, hakuna faili hata moja, hakuna gazeti la wakati ule, hakuna mahojiano, basi ujue unasoma muhtasari. Muhtasari mzuri una kazi yake ila usiuchukulie kama ugunduzi.

Hili la nyaraka sio dogo jamani. Chukua mauaji ya Katyn ya 1940, polisi wa siri wa Kisovieti waliwaua Wapolandi zaidi ya 20,000, wakiwemo maofisa wengi, halafu serikali ya Sovieti ikashikilia kuwa ni Wajerumani mpaka 1990 ndo ikakiri, na karatasi zenyewe za amri zikatolewa 1992. Sasa kitabu cha 1985 na cha 1995 juu ya jambo lilelile haviwezi kuwa sawa hata waandishi wangekuwa mapacha. Au Kenya, 2011 wakati wazee wa Mau Mau wameishitaki serikali ya Uingereza pale London, ikabidi serikali hiyo ikubali kwamba kuna mafaili ya makoloni yake ya zamani yamewekwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, miaka yote hiyo, yaliondolewa makoloni yalipokuwa yanapata uhuru, na 2013 ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,200. Kwahiyo ukikuta kitabu cha juzi kinachoelezea hali ya hatari ya 1952 mpaka 1960, nenda nyuma uone kama mwandishi kayagusa yale mafaili, kama hajayagusa awe na sababu.

Ukitoka kwenye marejeo nenda kwenye faharasa, ile orodha ya majina na maneno pale mwisho. Wachache sana wanaisoma na mimi naona ndo sehemu inayosema ukweli zaidi. Weka kidole kwenye jina la rais wa kwanza, utakuta namba za kurasa zimejaa mistari minne. Shuka mpaka "wanawake", kurasa mbili. "Wakulima", tatu. "Kodi", haipo kabisa. Hapo umeshajua, hata kama jalada limeandikwa historia ya taifa, hiki ni kitabu cha viongozi, na sio kosa, ila jina la kitabu limekuahidi kitu ambacho ndani hakimo. Picha nazo zitazame hivyohivyo, soma maandishi ya chini yake, utaona mstari wa mbele kila mtu katajwa jina na cheo, nyuma yao kuna watu mia wameandikwa "wananchi wakishangilia". Mwandishi wa historia ya jamii anahangaika na hao mia, anawatafuta kwenye kesi za mahakama, kwenye sensa, daftari za kodi, barua za malalamiko kwa wakuu wa wilaya.

Ukianza kusoma sasa, shika kalamu na uangalie majina ya mambo. Vita vya Algeria vilianza 1954 vikaisha 1962 lakini bunge la Ufaransa lilikubali kisheria kuviita vita mwaka 1999, kabla ya hapo lugha rasmi ilikuwa ni operesheni za kulinda utulivu. India 1857 walipowainukia Waingereza, kwa mmoja ni maasi ya askari, kwa mwingine ni vita ya kwanza ya uhuru. Neno likichaguliwa na hoja imeshachaguliwa, kwahiyo kila ukikutana na "ghasia", "uasi", "mapinduzi", jiulize nani alianza kuliita hivyo.

Namba pia. Maji Maji ya 1905 mpaka 1907, utakuta kitabu kimoja kinasema walikufa watu 75,000, kingine kinasema 300,000, na tofauti hiyo sio ya kuruka, inategemea kahesabu nani, na kama waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa wamo au hawamo. Mwandishi mzuri atakwambia kahesabuje. Asipokwambia weka alama ya kuuliza pembeni usonge mbele.

Kumbukumbu za wanasiasa wastaafu mimi nazisoma sana ila nazisoma kama maelezo ya shahidi, mtu anaeleza alipokuwepo na anajitetea pia, kwahiyo nazisoma mbili kwa pamoja, za watu waliokuwa hawaelewani, natafuta kikao kimoja walichokaa wote wawili.

Halafu kama jambo lenyewe halijapita muda mrefu na kuna mzee aliyekuwepo, mfuate ukiwa na kitabu mkononi. Usimuulize "enzi zile zilikuwaje bibi", atakujibu kwa ujumla tu. Muulize siku ile ilipotangazwa alikuwa wapi, nani alimletea habari, dukani kulikuwa na nini na hakukuwa na nini. Msomee aya yenyewe, mwache aseme, na usimkatize hata akitoka nje ya mada. Yale atakayosema yaandike pembeni ya ukurasa uleule, na tarehe uliyomuuliza.